Amplifaya ya vali inayovuma: kutafuta kasoro kwenye chujio la umeme

Amplifaya ya vali uliyoijenga mwenyewe ikianza kuvuma, wazo la kwanza huwa ni kuongeza kapasita. Kuna siku hilo linatosha. Siku nyingi mvumo unabaki palepale au unazidi makali, na rektifaya (sehemu inayogeuza AC kuwa DC) ndiyo inayobeba mzigo mpya bila faida. Sababu ni kwamba chujio la umeme, yaani kapasita na vifaa vinavyolainisha DC baada ya rektifaya, lina mambo mawili: ukubwa wa vifaa vyake, na njia ambayo mkondo unapita ukienda na ukirudi. La kwanza linaonekana kwenye mchoro wa saketi. La pili halionekani, kwa kuwa mchoro huchora sifuri zote (sehemu ambako mkondo wa saketi unarudi) kama kitu kimoja, ilhali kwenye chasi kila kipande cha waya kina ukinzani wake.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: amplifaya ya stereo yenye EL84 moja (vali ya mwisho, inayosukuma spika) kwa kila upande, ECC83 (vali ya kukuza sauti ya kuingia) mbele yake, volti 250 kwenye anodi (mguu wa vali unaopewa volteji ya juu), mkondo wa jumla takriban miliampea 100, bila mrejesho hasi (sehemu ya sauti ya kutoka inayorudishwa nyuma kusahihisha). Hesabu ni za umeme wa hezi 50. Ulipo umeme wa hezi 60, soma 60 na 120 pale nilipoandika 50 na 100. Ninaposema viwimbi, ninamaanisha mabaki ya AC yanayopanda na kushuka juu ya DC baada ya rektifaya.

Kabla ya kuingiza mkono

Kapasita ya µF 100 yenye volti 450 imebeba jouli 10. Kiasi hicho kinaweza kuua hata kama plagi imeshachomolewa ukutani. Weka rezista ya kumwaga chaji, iunganishwe moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita: kiloohm 220 ya wati 2 au 3 hula chini kidogo ya wati 1 na huishusha volteji ndani ya dakika mbili hivi. Hata hivyo usiiamini kwa macho. Chomoa plagi, subiri, pima kwa multimita, gusisha rezista ya kiloohm 2.2 ya wati 10 iliyokingwa vizuri, kisha pima tena. Kapasita za elektroliti hurudisha chaji kidogo zikiachwa wazi, ndiyo maana kipimo cha pili si cha kuruka. Bisibisi si chombo cha kumwagia chaji.

Ukilazimika kupima umeme ukiwaka, funga klipu ya waya hasi kabla ya kuwasha na mkono mmoja uweke mgongoni. Kapasita ya majaribio haiungwi kwenye saketi inayowaka: zima, mwaga, unga, washa. Na kila unapobadili kitu upande wa volteji ya juu, washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 iliyoungwa mfululizo na umeme wa ukutani. Kukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na transfoma itapona.

Mvumo upi, na unaingilia wapi?

Maswali haya mawili yanajibiwa kabla ya kugusa chochote, na yanaokoa muda kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Masafa kwanza. Programu ya simu inayochora masafa ya sauti inatosha. Usipokuwa nayo, tumia ile inayotoa sauti ya masafa unayochagua, weka 100, kisha linganisha kwa sikio. Mvumo wa 100 unatoka kwenye rektifaya, kwa sababu rektifaya kamili hujaza kapasita mara mbili kwa kila mzunguko. Mvumo wa 50 unatoka kwenye hita za vali, kwenye usumaku wa transfoma, kwenye nyaya za kuingizia sauti, au kwenye rektifaya iliyopoteza upande mmoja. Angalia pia umbo lake: wa 100 unaweza kuwa laini na mzito, au wa makali kama wa nyuki chupani. Tofauti hiyo ina maana kubwa, tutaifikia.

Kisha mahali. Zima, chomoa ECC83, washa. Mvumo ukibaki vilevile, kasoro ipo kwenye vali ya mwisho, kwenye chujio linaloilisha, au usumaku unaingia moja kwa moja kwenye transfoma ya kutolea sauti. Ukiisha, ulikuwa unaingilia mbele. Rudisha ECC83 na uunge gridi yake ya kwanza (mguu unaopokea sauti) kwenye sifuri iliyo karibu nayo: ukiisha sasa, shida ni ya nyaya za kuingizia au potenshiomita ya sauti, ukibaki, ni ya hatua hiyo yenyewe. Angalizo moja: usichomoe EL84 zote kwa jaribio hili. Mkondo ukikosekana, volteji inapanda hadi kilele, na kapasita zilizochaguliwa kwa kubana hazitakusamehe.

Mwisho pima AC kwenye vituo vya spika, ukitumia rezista ya ohm 8 au spika yenyewe. Chini ya milivolti 1 ni kimya kizuri. Milivolti 5 kwenye spika nyeti, inayohitaji nguvu kidogo tu kupiga, utazisikia chumba kikitulia.

Mvumo wa 100, laini na mzito: chujio ni dogo, au viwimbi viko mahali pasipofaa

Hapa ndipo hesabu zinapolipa. Viwimbi kwenye kapasita ya kwanza, kutoka kilele hadi bonde, ni mkondo ukigawanywa kwa masafa na kwa kapasita. Miliampea 100, hezi 100, µF 47: volti 21, ambazo ni karibu volti 6 kwa kipimo cha RMS, yaani kile ambacho multimita nzuri inasoma kwenye AC. Kwa kweli zitapungua kidogo kwa sababu kapasita haimwagi kwa milisekunde zote 10, ila kwa kubuni chukua hiyo.

Watu huona volti 6 wakashtuka, wakaweka µF 220 mahali pale. Lakini kapasita ya kwanza si mahali pa kuchujia. Ni pa kuhifadhia. Kuchuja kunafanywa na kile kinachofuata. Choki (koili lenye kiini cha chuma) ya henri 10 ikifuatwa na µF 47 hupunguza viwimbi vya hezi 100 mara 185: choki ina ukinzani wa ohm 6,283 kwa masafa hayo, kapasita ina 34. Volti 6 zinashuka hadi milivolti 33. Rezista ya ohm 100 na µF 100 mahali pa choki hupunguza mara 6 tu na nusu, kwa hiyo inabaki karibu volti 1.

Je, volti 1 ni mbaya? Inategemea iko kwenye mguu upi wa vali. EL84 ni pentodi (vali yenye gridi ya ziada iitwayo skrini) yenye ukinzani wa ndani wa kiloohm 38 hivi, na transfoma yake ni ya kiloohm 5.2. Viwimbi vya anodi vinagawanyika kati ya hivyo viwili, na asilimia 12 tu ndiyo inayokwenda kwenye transfoma. Ukigawanya kwa uwiano wa 25.5 wa transfoma ya ohm 8, volti 1 kwenye anodi inatoa milivolti 5 kwenye spika. Si vizuri, lakini si balaa. Sasa gridi ya skrini: vali hii inakuza kinachoingia kwenye skrini karibu mara 2.7 hadi anodi. Volti 1 ileile kwenye skrini inatoa zaidi ya milivolti 100 kwenye spika, yaani mara 20 na ushee kuliko ya anodi.

Kwa hiyo pentodi ikivuma mvumo laini wa 100, angalia skrini zinalishwa na nini kabla ya kufikiria kapasita ya kwanza. Kama zimeungwa pamoja na anodi, zitenge: rezista ya kiloohm 1 na µF 47 kwa skrini zote mbili. Utapoteza volti 11 hivi na viwimbi vitapungua mara 30. Ukiwa na chujio la rezista, mvumo kwenye spika unashuka kutoka zaidi ya milivolti 100 hadi chini ya 10, na sehemu kubwa iliyobaki sasa ni ya anodi. Ukiwa na choki pamoja na rezista hiyo ya skrini, unashuka chini ya nusu milivolti. Hapo ndipo choki inapostahili uzito wake. Kwa maoni yangu, amplifaya ya vali moja ya mwisho isiyo na choki ni kujitafutia kazi.

Trayodi ni habari nyingine. Haina skrini, lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya viwimbi vya anodi inakwenda moja kwa moja kwenye transfoma. Vali kama 300B yenye ukinzani wa ohm 700 kwenye transfoma ya kiloohm 3.5 inapitisha asilimia 83. Huko chujio la anodi lenyewe lazima liwe zuri, mara nyingi choki mbili au choki na rezista.

Amplifaya ya pushi-puli (vali mbili za mwisho zinazovuta kwa zamu) ina unafuu: viwimbi vinafika pande zote mbili za transfoma kwa usawa na kufutana. Ikivuma mvumo wa 100, pima kwanza mkondo wa kila vali ya mwisho. Zikitofautiana sana, sawazisha bayasi (volteji ya gridi inayopanga mkondo wa vali) au badilisha vali. Kapasita haina kosa.

Kwa hatua ya mbele usiwe mchoyo. ECC83 yenye rezista ya anodi ya kiloohm 100 inaacha karibu asilimia 38 ya viwimbi vyake kwenye anodi, na EL84 inakuza hicho zaidi ya mara 50. Lenga chini ya milivolti 1 kwenye kapasita inayoilisha. Rezista ya kiloohm 10 na µF 22 hupunguza mara 138, na kutoka milivolti 33 unabaki na robo milivolti. Ni vifaa viwili vidogo, na vinafanya kazi ambayo kapasita kubwa mwanzoni haiwezi kufanya.

Jambo la kupimia: multimita nyingine za bei ya chini hudanganyika zikisoma AC iliyopanda juu ya DC. Tia kapasita ya µF 0.1 ya volti 630 mfululizo na waya wa kupimia, uunge amplifaya ikiwa imezimwa. Kama unapenda kujaribu kwenye kompyuta kabla ya kununua vifaa, programu ya PSU Designer II inafanya hesabu hizi vizuri na inaonyesha hata msukosuko wa kuwasha.

Mvumo wa 100 wenye makali, na kapasita kubwa haiuponyi

Huu ndio unaowachosha watu. Viwimbi ulivyopima ni vidogo, hesabu iko sawa, na bado spika inanguruma.

Kapasita ya kwanza haijazwi kwa mkondo laini wa miliampea 100. Inajazwa kwa mapigo mafupi, ya milisekunde 2 au 3, yanayofika nusu ampea na zaidi. Mapigo hayo yanatoka kwenye transfoma, yanapita kwenye dayodi, yanaingia kapasita, na yanarudi transfoma kupitia upande hasi. Sasa chukua sentimita 10 za waya wa milimita mraba 0.5. Ukinzani wake ni miliohm 3.4. Nusu ampea ikipita humo inaacha milivolti 1.7. Kipande hicho kikiwa pia ndiyo njia ya sifuri ya kuingizia sauti, zile milivolti 1.7 zinaingia kwenye gridi ya ECC83 kama muziki. Hatua ya kwanza inakuza mara 60, EL84 mara 50, transfoma inashusha: spika inapata kama volti 0.2. Kutoka sentimita 10 za waya mzima usio na kasoro yoyote.

Dalili yake ni hii: unaongeza kapasita ya kwanza na mvumo haupungui, au unazidi makali. Kapasita kubwa inajazwa kwa mapigo ya muda mfupi zaidi na yenye kilele cha juu zaidi, kwa hiyo kama njia ya kurudi ni mbaya, umeifanya mbaya zaidi. Kwenye osiloskopu, viwimbi vya kawaida vina umbo la meno ya msumeno. Mapigo haya yanaonekana kama miiba.

Dawa ni mpangilio wa nyaya. Waya wa kati wa sekondari (koili la kutolea la transfoma), au mguu hasi wa rektifaya ya daraja, uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza. Hakuna kingine kinachoungwa katikati ya safari hiyo, na chasi haiungwi hapo. Kutoka mguu hasi wa kapasita ya kwanza, waya mmoja unakwenda hasi ya kapasita ya pili. Kathodi za EL84 (miguu inayorudisha mkondo wa vali) na upande wa sifuri wa spika zinarudi hapo, kwa sababu kapasita ya pili ndiyo inayozilisha. Kutoka hapo waya unakwenda hasi ya kapasita ya ECC83, na kila sifuri ya hatua hiyo inarudi hapo na si kwingine. Kila hatua inarudisha mkondo kwa kapasita inayoilisha. Chasi inaungwa na sifuri mara moja tu, karibu na soketi ya kuingizia, na soketi hizo zitengwe na bati kwa washa za plastiki.

Waya wa ethi wa ukutani ni suala tofauti. Unafungwa kwenye chasi kwa bolti yake mwenyewe, na haukatwi kwa sababu ya mvumo, hata kwa jaribio la dakika moja. Mvumo ukiingia pale tu unapounga chombo kingine, kuna mzunguko wa ethi kati ya vyombo viwili. Tenga sifuri ya sauti na chasi kwa rezista ya ohm 10, na sambamba nayo weka rektifaya ya daraja ya ampea 25 au 35 iliyoungwa ili dayodi zake zipitishe pande zote mbili. Mikondo midogo ya mzunguko huo inazuiwa na rezista. Ajali ikitokea dayodi zinabeba mkondo hadi fyuzi ikatike.

Kuna chanzo cha pili cha makali, kidogo zaidi: dayodi zenyewe. 1N4007, dayodi ya kawaida, inapofunga inatoa mshtuko mfupi unaolitikisa koili la sekondari. Weka kapasita ya nanofaradi 10 ya kilovolti 1 sambamba na kila dayodi, au tumia UF4007 inayofunga haraka. Ukiwa na sekondari ya 350-0-350, kila dayodi inakabili karibu volti 990 za kinyume, na 1N4007 ni ya volti 1,000. Unga mbili mfululizo kila upande.

Mvumo wa 50

Anza na rektifaya, ni haraka. Dayodi moja ikikatika, au upande mmoja wa vali rektifaya ukifa, kapasita inajazwa mara moja kwa kila mzunguko. Viwimbi vinaongezeka mara mbili, na choki kwa masafa nusu inachuja robo tu ya awali, kwa hiyo mvumo unapanda mara nane hivi, na volteji inashuka kidogo. Mvumo wa 50 uliotokea ghafla baada ya kazi nzuri ya muda mrefu mara nyingi ni huu.

Usipokuwa huo, angalia hita. Volti 6.3 za AC zinapita sentimita chache kutoka gridi. Nyaya zisokotwe kwa kubana, zipite kwenye kona za chasi, na ziwe na rejea: tepu ya kati kwenye sifuri, au rezista mbili za ohm 100 kutoka kila upande. Hita inayoelea bila rejea yoyote inavuma vibaya, na ni kosa la kusahau waya mmoja. Mvumo ukibaki, inua rejea hiyo: kutoka volti 300, rezista ya kiloohm 220 ya wati 1 kisha kiloohm 33 hadi sifuri, na µF 47 ya volti 100 juu ya ile ndogo. Rejea inakaa kwenye volti 39, na uvujaji wa hita kwenda kathodi unakatika kwa sehemu kubwa. Mgawanyo huo unasaidia pia kumwaga chaji.

Halafu kuna usumaku, ambao chujio haliwezi kuuona. Zima kila kitu, lisha umeme praimari ya transfoma kuu peke yake, na usikilize kwa hedifoni iliyoungwa kwenye sekondari ya transfoma ya kutolea sauti. Unachosikia ni usumaku mtupu. Geuza moja nyuzi 90, sogeza, sikiliza tena. Kazi hii inafanywa mezani, kabla bati halijatobolewa.

Putuputu ya polepole

Spika inasogea ndani na nje, mara kadhaa kwa sekunde, kama injini ya mtumbwi. Huu si mvumo wa umeme wa ukutani; amplifaya inajizungusha yenyewe. Vali ya mwisho inavuta mkondo, volteji ya chujio inatikisika, mtikisiko unafika hatua ya kwanza na kukuzwa upya.

Ikiwa una mrejesho hasi, ukate kwa muda. Putuputu ikikoma, shida iko kwenye mrejesho na kapasita za kuunganisha hatua, si kwenye chujio. Isipokoma, hatua nyingi mno zinashiriki kapasita moja. Hatua mbili kwenye kapasita moja mara nyingi zinavumiliana. Tatu ni kualika fujo. Ipe hatua ya kwanza rezista na kapasita yake. Kuongeza tu ukubwa wa kapasita iliyopo kwa kawaida huifanya putuputu iende polepole zaidi, basi.

Ndugu yake ni volteji inayoyumba pigo la besi linapopita. Choki ya henri 10 na µF 47 vina mtikisiko wao wa asili kwenye hezi 7 hivi. Ohm 100 mfululizo na choki hutuliza.

Volteji haiko pale ulipotarajia

Juu mno: sekondari ya volti 300 na dayodi za silikoni hutoa volti 424 bila mzigo, na umeme wa ukutani ukizidi kwa asilimia 10, ni 466. Dayodi hazingoji vali zipate moto, kwa hiyo kapasita za volti 450 zinakutana na kilele hicho kila unapowasha. Chagua za volti 500, au unga mbili za µF 100 za volti 350 mfululizo upate µF 50 za volti 700, kila moja ikiwa na rezista ya kiloohm 220 ya kusawazisha. Ukiwa umetoa vali rektifaya 5Y3GT ukaweka dayodi, umerudisha volti 50 hadi 60 ambazo vali ile ilikuwa inazila kwa mkondo kamili. GZ34, vali rektifaya nyingine, ingekula 17 hivi.

Chini mno: labda choki imetangulia kapasita ya kwanza. Mpangilio huo hutoa 0.9 ya volteji ya sekondari badala ya kukaribia 1.4. Una uzuri wake, ila unadai mkondo wa chini kabisa: kwa henri 10 na volti 350 hesabu miliampea 40. Chini ya hapo volteji inaruka juu. Choki ya aina hii inanguruma yenyewe na kutapanya usumaku wa hezi 100, kwa hiyo iwe imejengwa kwa kazi hiyo.

Fyuzi inakatika, rektifaya inapiga cheche, transfoma inachemka

Fyuzi ikikatika mara moja unapowasha lakini balbu ya mfululizo haionyeshi shoti, huenda ni mshtuko wa kuwasha tu. Tumia fyuzi ya kukawia, yenye alama ya T, na usipandishe ampea kwa hasira. Ikikatika baada ya vali kupata moto, tafuta vali inayovuta mkondo kupita kiasi.

Cheche ndani ya vali rektifaya zinasema kapasita ya kwanza ni kubwa mno. GZ34 inakubali hadi µF 60, EZ81 hadi 50, 5Y3GT inaridhika na 20. Unataka kuchuja zaidi? Weka baada ya choki, huko hakuna kikomo hicho. Sababu nyingine ni swichi ya kungojea iliyowekwa baada ya rektifaya: vali imeshapata moto, kapasita ni tupu, unaiwasha. Swichi hiyo iondoe. 1N4007 mfululizo na kila anodi ya vali rektifaya ni kinga ya bei ndogo, na haibadilishi sauti.

Transfoma inayochemka mkono ukashindwa kutulia imekosewa hesabu mara nyingi kuliko ilivyo mbovu. Kwa rektifaya ya daraja na kapasita mbele, mkondo wa AC kwenye sekondari ni mara 1.6 hadi 1.8 ya DC unayochukua. Sekondari iliyoandikwa miliampea 100 za AC inatoa 60 za DC kwa raha. Kapasita kubwa zaidi inaongeza uwiano huo.

Ilikuwa kimya, sasa inavuma

Mvumo laini wa 100 unaokua kidogokidogo kwa miezi ni kapasita iliyokauka. Huenda µF zake bado zinasomeka vizuri huku ukinzani wake wa ndani umepanda. Kapasita ya kwanza ndiyo hufa mapema, kwa kuwa ndiyo inayobeba mapigo yote. Iweke mbali na EL84, chagua ya nyuzi joto 105, na kumbuka kuwa kila nyuzi 10 unazopunguza huongeza umri wake karibu maradufu. Kifuniko kilichovimba au maji yaliyokauka kwenye mguu hayahitaji kipimo.

Kapasita iliyokaa sana bila kutumika ipewe volteji polepole kupitia rezista ya kiloohm 100, huku ukipima volteji juu ya rezista hiyo: kila volti 100 ni miliampea 1 inayovuja. Inapaswa kushuka saa hadi saa. Ikigoma juu ya miliampea 1 kwa kapasita ya µF 47, au ikianza kupata joto, itoe. Usiirudishe kwenye amplifaya hata kama µF zake zinasomeka sawa.